Amewekewa Maji Gani?

Hapa Nakuru, ukisikia mtoto amelazwa PGH (jina la zamani ambalo wengi wetu hatujaliacha), swali linalofuata "anaendeleaje?" huwa ni "amewekewa maji?" Ukijibiwa ndiyo, roho inatulia kidogo. Ni nadra mtu kuuliza ni maji gani, na ni kiasi gani. Mimi niliamua kufuatilia historia ya swali hilo, na ikanirudisha nyumbani, Afrika Mashariki.

Mwaka 1832, kipindupindu kilipoua watu Uskoti, daktari Thomas Latta aliingiza maji ya chumvi kwenye mishipa ya wagonjwa waliokauka. Miaka 50 hivi baadaye, Sydney Ringer wa London alikuwa akichunguza mioyo ya vyura. Kumbe moyo ulidunda vizuri zaidi kwenye maji ya bomba, kwa sababu yalikuwa na kalsiamu. Ndiyo maana jina lake liko kwenye chupa za dripu mpaka leo. Baadaye zikaja albumini, protini inayotolewa kwenye damu ya binadamu na ambayo ni ghali sana, na maji yenye wanga wa kiwandani, yaliyouzwa kama mbadala wa bei nafuu.

Hakuna mahali uchaguzi huu unabana kama kwenye upasuaji wa moyo wa mtoto. Hebu piga hesabu. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo. Mwenye kilo 5 ana mililita 400, yaani hata chupa ya soda ya nusu lita haijai. Kabla ya moyo kusimamishwa, mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu lazima ijazwe kitu kwenye mipira yake, na kitu hicho kitachanganyika na damu yote ya mtoto. Kwa familia za Bonde la Ufa zinazochanga pesa kwenye grupu za WhatsApp ili mtoto apelekwe Nairobi, Eldoret au Tenwek kule Bomet, hayo yote huamuliwa nyuma ya mlango uliofungwa. Unamwamini daktari, na daktari naye anaamini utafiti.

Na kuna wakati utafiti wenyewe ulikuwa uongo. Joachim Boldt, daktari wa nusukaputi huko Ludwigshafen, Ujerumani, alikuwa sauti kubwa iliyotetea maji ya wanga. Mwaka 2010 makala yake moja, iliyolinganisha wanga na albumini katika kujaza mashine ya moyo, ilifutwa. Mwaka 2011 wahariri wa majarida walitangaza kufuta makala zake zipatazo 90, nyingi kwa kukosa idhini ya kamati za maadili. Zilipoondolewa kwenye hesabu, picha ikageuka: kwa wagonjwa mahututi, wanga uliongeza madhara ya figo na vifo. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukaamua leseni zake zisimamishwe.

Sasa linganisha na yaliyokuwa yakifanyika huku kwetu miaka ileile. Kuanzia 2009, Kathryn Maitland na wenzake walio Kilifi waliendesha jaribio lililoitwa FEAST katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Halikuwa la upasuaji. Lilihusu watoto wenye homa kali ambao damu yao haizunguki vizuri, wengi wao wakiwa na malaria. Mwongozo uliofundishwa duniani ulisema watoto hao wapewe maji mengi kwa haraka. Kundi moja likapewa albumini kwa haraka, la pili maji ya chumvi kwa haraka, la tatu likapewa maji ya kawaida polepole. Dharura ilikuwa kubwa kiasi kwamba baadhi ya wazazi walikubali kwa mdomo kwanza, wakaelezwa kwa kina baadaye.

Wengi walitarajia maji ya haraka yashinde. Januari 2011 jaribio likasimamishwa kabla ya wakati, watoto 3,141 wakiwa wameshaingizwa. Ndani ya saa 48, waliokufa walikuwa asilimia 10.6 kwenye albumini, 10.5 kwenye maji ya chumvi, na 7.3 kwenye kundi la polepole. Maji ya bei na maji rahisi yalitoka sare. Kasi ndiyo iliyoua, watoto watatu zaidi katika kila mia.

Wakosoaji walidai hospitali hizo hazikuwa na mashine za kupumulia, kwa hiyo watoto walizama kwa maji. Uchambuzi wa 2013 ulionyesha vifo vya ziada vilitokana zaidi na mzunguko wa damu kuporomoka. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lilichukua mpaka 2016 kurekebisha mwongozo wake. Miaka mitano! Sidhani ingechukua muda huo kama watoto wale wangekuwa wa Boston.

Tahadhari moja: watoto wanaoharisha hawakuwa kwenye jaribio hilo. Aliyekauka kwa kuhara bado anahitaji maji, na upesi.

Lakini swali tunalo haki ya kuliuliza, wodini au mlangoni pa chumba cha upasuaji: daktari, ni maji gani, na yanaenda kwa kasi gani? Maelfu ya wazazi wa Kilifi, Muheza, Mbale, Soroti, Lacor na Mulago ndio waliowezesha lipate jibu.