Siku Moja Mjini Lubumbashi: Mto, Shaba na Watu

Mtu akitaja Lubumbashi, wengi hufikiri shaba mara moja. Wana haki. Lakini jina la mji huu si jina la shaba wala la mfalme. Ni jina la mto. Mto wenyewe si mkubwa. Hupita upande wa magharibi wa mji, hushuka mpaka kuingia mto Kafubu, nao Kafubu huingia Luapula. Kwa njia hiyo ndefu maji ya Lubumbashi huufikia mto Kongo na mwisho bahari.

Leo twende pamoja siku nzima, kuanzia mtaa wa Golf hadi kwenye tanuru la shaba. Mgeni akitembezwa mjini huonyeshwa nyumba kubwa, huambiwa mwaka wa kujengwa, basi. Sisi tutauliza maswali mawili kila tutakaposimama: Nani walipajenga mahali hapa? Na nani waliachwa nje? Mtu asiyeuliza hivyo ataona matofali tu, mji hatauona.

ASUBUHI: GOLF

Tuanze Golf wakati hewa bado ni baridi, kwa kuwa mji huu uko juu sana, karibu mita 1,200 kupita bahari. Mtaa huu umepewa jina kwa sababu ya uwanja wa golf, mchezo wa kupiga kijipira kwa fimbo mpaka kiingie shimoni. Karibu yake kuna ziwa dogo ambalo wengi huliita Ziwa Tshombe, na kando ya ziwa imesimama hoteli ya Karavia. Leo Golf imepanuka mno, hata watu hutaja Golf Météo, Golf Plateau, Golf Malela na nyingine.

Nani waliachwa nje hapa? Wakati wa koloni michezo ya namna hii ilikuwa ya Wazungu. Mtu mweusi aliingia kwa ajili ya kazi: kukata majani, kubeba fimbo, kupika. Jioni alirudi kwao.

Lakini kabla ya uwanja na kabla ya Wazungu, nchi hii ilikuwa na wenyewe. Ni Walamba, na utawala wa kichifu wa Kaponda ungali unajulikana mpaka leo pembeni ya mji. Tusianze historia na treni, kana kwamba hapakuwa na mtu.

MAKUMBUSHO: SHABA YA WAZEE

Kutoka Golf tuelekee katikati ya mji, tusimame kwanza kwenye Makumbusho ya Taifa. Yalianzishwa mwaka 1946 na Francis Cabu, Mbelgiji aliyekusanya vitu vya kale vya nchi. Humo mgeni huona misalaba midogo ya shaba. Asidhani kwamba ililetwa na mapadri! Ni kazi ya wahunzi wa Katanga wa zamani. Walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, wakaimimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba. Kwa misalaba hiyo watu walinunua na kuuza, walilipa mahari, hata walizikwa nayo.

Shaba hiyo iliwavuta wageni tangu zamani. Mmoja wao ni Msiri, mfanya biashara aliyetoka nchi ya Unyamwezi, ambayo leo iko Tanzania. Aliweka makao yake Bunkeya akawa mtawala mwenye nguvu, mpaka alipopigwa risasi na kufa tarehe 20 Desemba 1891, kwa mkono wa watu wa Kapteni Stairs waliotumwa kwa faida ya Mfalme Leopold II. Misafara ya biashara ya nyakati hizo ndiyo iliyotangulia kuleta Kiswahili Katanga. Basi lugha tunayoisoma hapa ilifika nchi hii kabla ya reli, ikiletwa na wapagazi.

MJI WA WAZUNGU

Sasa tuingie katikati ya mji. Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mwezi wa Septemba 1910 treni ya kwanza ilifika ikitoka kusini, kwa njia ya Rhodesia. Mwaka huo huo Émile Wangermée, mkuu wa serikali ya Katanga, alipanga mji mpya, ukaitwa Élisabethville kwa heshima ya Elisabeth, malkia wa Ubelgiji. Tazameni barabara zilivyonyoka, zikikatana kama mistari ya daftari. Mji huu haukukua polepole kama kijiji. Ulichorwa kwanza kwenye karatasi, kisha ukajengwa.

Katika barabara hizo lipo Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lililojengwa kwa matofali mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wamonaki Wabenediktini wa abasia ya Mtakatifu Andrea, karibu na Bruges, walifika mwaka 1910, nao Wasalesiani wa Don Bosco wakafika mwaka 1911 wakafungua shule. Mkuu wa misioni alikuwa Jean-Félix de Hemptinne, Prefekti wa Kitume tangu 1910, halafu Vikari wa Kitume, aliyefariki mwaka 1958. Alijenga makanisa, shule na mahospitali. Vilevile alisimama karibu sana na wenye mamlaka. Wakati ule Serikali, Kampuni na Misioni zilikuwa kama mafiga matatu chini ya chungu kimoja. Sisi Wakristo tusiogope kulisema jambo hili. Kanisa halipungukiwi na kitu likisema kweli juu ya siku zake za jana; hupungukiwa likificha.

Si mbali ipo nyumba ya tamthilia iliyojengwa miaka ya 1950 kwa mchoro wa Claude Strebelle. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo, na nyumba hiyo ikawa ukumbi wa bunge la Katanga. Basi mahali palipojengwa kwa michezo na nyimbo pakawa mahali pa kugawa nchi. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa kwa ndege hapa Élisabethville, na usiku ule ule wakauawa porini nje ya mji. Mwaka huo pia makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Waluba, walikimbilia kambi moja mjini chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, wakiwaogopa jirani zao wa jana. Kujitenga kulikwisha mwezi wa Januari 1963. Mwaka 1966 jina la malkia liliondolewa, na mji ukachukua jina la mto wake.

MCHANA: STESHENI NA KAMALONDO

Tushuke kusini mpaka stesheni. Reli hii ndiyo mama wa mji. Kwa njia yake walikuja wafanya kazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na baadaye kutoka Kasai na Ruanda-Urundi. Mwanzoni waliajiriwa kwa miezi michache kisha wakarudishwa. Ugonjwa na kifo viliwapunguza, na kutafuta wengine kila mara kulikuwa na gharama kubwa. Kwa hiyo, kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilianza kuwakalisha pamoja na wake zao na watoto katika makambi. Hapo watu wa makabila mengi walihitaji lugha moja ya kazini, ya sokoni na ya shuleni, nayo ikawa Kiswahili.

Tukivuka reli twafika Kamalondo, iliyoitwa zamani Cité Albert. Kati ya mji wa Wazungu na makao ya watu weusi uliachwa ukanda mtupu. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya: mbu wasiruke kutoka nyumba za weusi kwenda kwa weupe. Ajabu ni kwamba mpishi, dobi na yaya waliuvuka ukanda ule kila siku alfajiri, na hakuna aliyewaogopa mikononi mwao wakipika chakula na kulea watoto.

Kamalondo ina fahari yake. Hapa pana uwanja wa TP Mazembe, uliofunguliwa mwaka 2011. Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1939 na Wabenediktini kwa ajili ya vijana wa shule yao. Ilitwaa kombe la vilabu bingwa vya Afrika mwaka 1967 na 1968, na mwaka 2010 ilifika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Siku ya mechi hakuna anayemwuliza jirani yake babu yake alishuka treni gani.

Lakini uwanja wa mpira katika mji huu wakumbusha jambo lingine pia. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita kuu, bei ya vitu ilipanda na mshahara ukabaki mdogo. Wafanya kazi weusi wa Union Minière waligoma, wakakusanyika uwanjani kudai nyongeza. Amour Maron, mkuu wa jimbo, alifika na askari, na askari wakapiga risasi. Léonard Mpoyi, msemaji wa wagomaji, aliuawa, na makumi ya wenzake pamoja naye. Mgeni asiyeambiwa habari hii hawezi kusema kwamba ameuona mji.

JIONI: TANURU NA MTO

Mwisho tuende magharibi, turudi kwenye mto. Toka mbali umeliona bomba refu la moshi na mlima mweusi pembeni yake. Hapa, tarehe 30 Juni 1911, tanuru lilitoa shaba yake ya kwanza, kwa mawe ya mgodi wa Étoile ulio upande wa mashariki. Tanuru liliwekwa hapa kwa sababu ya maji. Mlima ule si kazi ya Muumba. Ni mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa, yale ambayo wahunzi wangeyaita mavi ya shaba, yaliyomwagwa mwaka kwa mwaka. Wakati wa zamani yalihesabiwa kuwa takataka. Baadaye ilionekana kwamba yana kobalti nyingi, na tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kiwanda kipya kikaanza kuyayeyusha tena. Kampuni yenyewe ilitwaliwa na Serikali mwaka 1967, ikaitwa baadaye Gécamines, na katika miaka ya 1990 moto wa tanuru la zamani ulizimika. Baba wengi walikosa mshahara, na mama wakaanza kuwalisha watoto kwa biashara ndogo na kwa mashamba.

Katika miaka ile ya njaa, 1992 na 1993, maneno mabaya yalirudi: huyu ni mwenyeji, yule ni mgeni. Maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, hasa Likasi na Kolwezi. Wengi walilala stesheni wiki na miezi wakingoja treni. Reli iliyowaleta babu zao kazini ikawarudisha wajukuu mahali ambapo wengine walikuwa hawajapaona.

Sasa tazameni mto. Ulipoza tanuru, uliwapa watu maji, ukaupa mji jina. Sisi tumeulipa nini? Takataka za nyumba na maji machafu ya viwanda. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walitangaza kwamba watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi kupita kiasi katika miili yao. Kinachomwagwa leo kitanywewa kesho, na mto haumchagui mtu kwa kabila lake.

Basi siku yetu imekwisha. Tumeona kwamba kila alama ya mji huu ina mkono uliojenga na mtu aliyeachwa nje: mcheza golf na mbeba fimbo, kanisa na kambi, reli na waliofukuzwa juu yake. Mhunzi wa kale, mpagazi wa Msiri, Mbelgiji, Mluba, Mbemba, wote waliitwa na shaba ile ile katika nchi ya Mlamba. Wazazi na walimu, wachukueni watoto siku moja ya likizo mwapitishe njia hii kwa miguu. Mahali pa furaha waambieni furaha, na mahali pa damu msipite haraka. Simameni, mwaambie yaliyotendeka, mwaombee marehemu, kisha mwendelee mpaka mtoni.