Dhahabu ya Kilwa katika monstransi ya Lisbon



Tangu kale watu wa dini wameona vema kuvipamba vitu vitakatifu kwa madini ya thamani. Wayahudi walivalisha vitabu vyao vya sala majalada ya fedha; sisi Wakatoliki huiweka Hostia Takatifu katika monstransi. Iko monstransi moja, mbali sana nasi, ambayo dhahabu yake ilitoka pwani yetu hii.

Imo katika jumba la makumbusho la sanaa za kale, Lisbon. Huitwa Monstransi ya Belém, na husadikiwa kuwa kazi ya sonara Gil Vicente. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka Hostia. Juu yao yuko njiwa, ishara ya Roho Mtakatifu, na juu kabisa Mungu Baba. Chini, kwenye kitako, yamechorwa maneno ya Kireno: Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, ikakamilika mwaka 1506.

Neno hilo “kodi” lisitupite haraka. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamtishia mtawala, Amiri Ibrahimu, hata akakubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kutoa dhahabu, yapata mithkali 1,500, yaani zaidi ya kilo sita. Kilwa iliipata dhahabu kwa biashara ya Sofala, na Sofala kwa wachimbaji wa bara, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Julai 1505, sonara akiwa bado kazini, Francisco de Almeida aliuteka mji wenyewe na kuupora. Wafransisko waliofuatana naye walishuka pwani na msalaba.

Mtakatifu Ambrosi wa Milano, katika karne ya nne, aliviyeyusha vyombo vya kanisa ili awakomboe mateka. Hapa mambo yalikwenda kinyume: mali ya waliotishwa iliyeyushwa iwe chombo cha altare. Bwana yumo katika Hostia, chombo kiwe cha namna gani. Hilo halina shaka. Walakini waliomwabudu mbele ya dhahabu ile huenda hawakujua ilivyopatikana. Mfalme alijua, maana ndiye aliyeiandikisha.

Katika wosia wake wa mwaka 1517 aliiachia monasteri ya Belém. Siku hizi haitumiki tena katika ibada, na ainamaye kusoma kitako chake hulikuta pale jina la Kilwa.