Wachezaji tenisi waliokwezwa kupita uwezo wao, na waliosingiziwa hivyo

KATIKA uwanja wa Sidai Oleng ulioko Kimana, karibu na mji wa Loitokitok katika Kaunti ya Kajiado, morani anayeshindana kuruka juu hujaribu kuigusa kwa utosi kamba iliyofungwa juu yake. Asipoifikia, hakuna shabiki wala gazeti liwezalo kumwongezea hata inchi moja. Michezo hiyo ya Wamaasai, iliyoanza mwaka 2012 ili vijana wapate njia ya kuonyesha ushujaa isiyokuwa ya kuwinda simba, huwapima wakimbiaji kwa saa na warusha mkuki kwa umbali.

Tenisi haina kamba ya namna hiyo. Mchezaji hupimwa na mpinzani aliyesimama upande wa pili wa wavu siku hiyo, kisha alama zake za wiki 52 hujumlishwa na kumpa nafasi katika orodha ya dunia. Hapo katikati hupenya picha za matangazo ya biashara, sura ya mchezaji na matumaini ya taifa lake. Ndipo huzuka ubishi usiokwisha: nani amekwezwa kupita uwezo wake?

Jina linalotangulia kutajwa kila mara ni la Anna Kournikova wa Urusi. Alifika nusu fainali ya Wimbledon mwaka 1997 akiwa na miaka 16, na mwaka 2000 akashika nafasi ya nane duniani. Katika mashindano ya mchezaji mmoja mmoja ya ngazi ya juu alicheza fainali nne na kushindwa zote, ilhali picha zake zilienea kuliko za mabingwa waliomshinda. Wanaomdharau, hata hivyo, husahau upande wa wachezaji wawili wawili: akiwa na Martina Hingis alitwaa taji la Australia mwaka 1999 na 2002, na aliwahi kuwa wa kwanza duniani katika mchezo huo. Umaarufu wake ulivuka mipaka ya mchezo wake, lakini mtu hawi wa nane duniani kwa urembo.

Kesi nzito zaidi ni ya Mrusi mwenzake, Dinara Safina, kwa sababu yeye alikwezwa na hesabu yenyewe. Aprili mwaka 2009, akiwa na miaka 22, Safina alitangazwa wa kwanza duniani bila ya kuwa na taji hata moja la yale mashindano makuu manne kwa mchezaji mmoja mmoja. Alikuwa ameshindwa fainali ya Ufaransa mwaka 2008 na ya Australia mwaka 2009. Miezi michache baadaye akashindwa tena fainali ya Ufaransa. Kule Wimbledon mwaka huo, Venus Williams alimwangusha katika nusu fainali kwa seti za 6-1, 6-0. Serena Williams alitwaa taji hilo, na kwa hiyo akawa anashikilia mataji matatu kati ya manne makuu. Orodha ikaendelea kumweka nafasi ya pili, nyuma ya Safina! Serena hakuificha kejeli yake alipoulizwa.

Je, Safina alikosa nini? Hakuiba alama. Alishinda Rome na Madrid mwaka huo na kufika mbali karibu kila alikokwenda, na mfumo wa alama humlipa vizuri anayefika mbali kila wiki. Bingwa wa shindano kuu hupata alama 2,000, lakini asiyeshiriki mashindano mengi huachwa nyuma na yule asiyepumzika. Orodha ilijibu swali lake, yaani nani amekusanya alama nyingi zaidi kwa mwaka mzima. Mashabiki walikuwa wakiuliza jingine: nani atamshinda nani wakikutana katika fainali. Kejeli ya tofauti hiyo alibebeshwa binti ambaye mgongo ulikuwa unamuuma. Mechi yake ya mwisho aliicheza mwaka 2011.

Jelena Janković wa Serbia alipitia lawama hiyo hiyo. Caroline Wozniacki wa Denmark naye alimaliza miaka ya 2010 na 2011 akiwa kileleni bila ya taji kuu, akakejeliwa kwa miaka mingi hadi alipotwaa la Australia mwaka 2018. Kwa wanaume, Marcelo Ríos wa Chile ndiye pekee aliyefika kileleni, mwaka 1998, bila ya kuwahi kushinda taji kuu. Petr Korda aliyemshinda katika fainali ya Australia mwaka huo alipatikana baadaye na dawa zilizopigwa marufuku huko Wimbledon.

Nchini Kenya, ambako Paul Wekesa alifika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995 bila ya kelele nyingi, mzigo wa sifa ulimwangukia Angela Okutoyi mwaka 2022. Januari alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda mechi ya mchezaji mmoja mmoja katika mashindano makuu ya chipukizi, huko Australia. Julai, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi wakatwaa taji la wasichana wawili wawili kule Wimbledon kwa seti za 3-6, 6-4, 11-9. Taifa likaanza kumsubiri katika fainali za wakubwa.

Mmoja wa waliofungwa siku hiyo alikuwa Victoria Mboko, Mkanada wa wazazi kutoka Kongo, aliyekuwa na miaka 15 dhidi ya 18 ya Okutoyi. Agosti mwaka 2025 Mboko alimshinda Naomi Osaka na kutwaa taji la Kanada la wakubwa. Okutoyi alikuwa amejiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, na mwaka 2024 alishinda dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Dhahabu hiyo haikumfikisha Olimpiki ya Paris, kwa kuwa ilimpasa pia awe miongoni mwa 400 bora duniani.