Mbegu ya kiume ya tegu: Uzi usio na mitokondria

MLAJI wa nyama ya ng'ombe isiyoiva vyema huenda akajikuta akimlisha tegu, mnyoo bapa anayeweza kutimiza urefu wa mita kadhaa utumboni. Kila pingili iliyokomaa ya mnyoo huyo, ambaye kitaalamu huitwa Taenia saginata, ina viungo vya uzazi vya kiume na vya kike. Ndiposa tegu mmoja pekee aweza kuzaana, na pingili moja pevu ikabeba makumi ya maelfu ya mayai.

Mbegu yake ya kiume haifanani na ya binadamu. Haina kichwa kilichovimba. Ni uzi mwembamba ambao siri zake hudhihirika tu kwa hadubini ya elektroni, chombo kilichobuniwa Ujerumani mwaka wa 1931.

Ndani ya uzi huo mna aksonema, yaani mhimili unaouwezesha kujongea. Ukikatwa kimkingamo, mhimili huo huonyesha jozi 9 za vijirija zilizozunguka nguzo moja. Mkia wa mbegu ya binadamu pia una jozi 9, ila katikati mna vijirija 2. Kiini, ambamo mna chembe za urithi, hujiviringisha juu ya mhimili mithili ya mtambaazi mtini. Chini ya utando wa nje hupita vijirija vingine vilivyopinda kama nyuzi za kamba.

La ajabu zaidi, mbegu hiyo haina mitokondria, tanuri la nishati la seli. Yaaminika kuwa hutegemea akiba ya glikojeni.

Tofauti hizi huwafaa wataalamu kuainisha minyoo. Mbegu ya Fasciola gigantica, mnyoo wa ini la ng'ombe, ina aksonema 2 na mitokondria. Ya Taenia ina aksonema 1 tu.

Vijirija vyenyewe hujengwa kwa protini iitwayo tubulini, ambayo pia hupatikana katika seli nyingine za mnyoo. Protini hiyo ndiyo inayolengwa na albendazole, dawa inayotumiwa kutibu uvimbe wa hidatidi. Ugonjwa huo, ambao umewatesa wafugaji wa Turkana kwa miaka mingi, husababishwa na Echinococcus granulosus, mnyoo wa jamii moja na Taenia.

Hata hivyo, kinga dhidi ya tegu wa ng'ombe ingali ile ile: nyama iliyokaguliwa, ikapikwa ikaiva, na matumizi ya choo.