Gurudumu la Chini ya Reli

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, mjomba alinipeleka Nyarugusu, Geita, nikaione kazi iliyokuwa ikinilipia ada. Duara lao lilikuwa na kina cha mita 40 hivi. Unakalia kijiti kilichofungwa kwenye kamba ya manila, unaikumbatia kamba, halafu wanaume wawili wanakushusha kwa winchi ya mbao wanayoizungusha kwa mikono.

"Mpwa, usiangalie juu," mjomba aliniambia. "Mchanga utakuingia machoni."

Nilipofika katikati, mmoja wa wale wa winchi akateleza mkono. Kamba ikalegea kidogo, labda theluthi ya sekunde, ikakaza tena. Kwa hesabu za fizikia hiyo ni nusu mita tu ya kuanguka. Lakini katika nusu mita hiyo tumbo langu lilipanda kifuani, miguu ikakosa uzito, na kamba iliponidaka nikawa mzito kama nimebebeshwa gunia la mawe. Juu wakacheka. Mimi sikucheka.

Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma kwamba kuna watu wanaopanga foleni na kulipa pesa ili wapate kile kile kilichonipata mimi. Wanakipata kwenye rola kosta, ile treni ya kubembea inayopanda na kuporomoka juu ya reli.

Mwili, kumbe, hauhisi mvutano wa dunia wenyewe. Unachohisi ni kile kinachokuzuia usianguke: kiti, sakafu, kamba. Hicho kikiondoka, uzito nao unaondoka, ingawa dunia inaendelea kukuvuta vile vile. Behewa likivuka kilele kwa kasi, reli inainama upesi kuliko miili inavyoanguka, na abiria wananyanyuka vitini. Kwa wapenzi wengi wa mchezo huu, sekunde hizo za kuelea ndizo tamu kuliko zote. Bondeni hutokea kinyume chake: mtu wa kilo 60 anaweza kujihisi ana kilo 180 kwa muda mfupi. Utamu uko kwenye mabadiliko yenyewe, mzito, mwepesi, kisha mzito tena.

Uzito ukizidi, raha inakwisha. Mwaka 1895, Coney Island, New York, ilijengwa Flip Flap Railway, reli yenye kitanzi cha mviringo kamili. Kuingia kwenye mviringo kamili kwa kasi kunaukandamiza mwili ghafla, na abiria walishuka wakilalamikia shingo. Ilipofika 1976, huko California, mhandisi Mjerumani Werner Stengel alikipa kitanzi umbo la tone la maji, uzito ukawa unaongezeka polepole, na watu wakapinduliwa kichwa chini huku wakifurahi.

Lakini kilichonishika zaidi ni nasaba ya mchezo huu. Rola kosta ina wazazi wawili. Mmoja ni vilima vya barafu vya Urusi, ambako watu walijitelezesha kwa furaha tangu zamani. Mwingine ni mgodi.

Mwaka 1827, Pennsylvania, Marekani, kampuni moja ya makaa ya mawe ilitandika reli ya kilometa 14 kutoka mlimani hadi mji wa Mauch Chunk uliokuwa kando ya mto. Haikuwa na injini. Mabehewa yaliyojaa makaa yaliporomoka kwa uzito wake yenyewe, na mtu mmoja alishika breki. Matupu yalirudishwa juu na nyumbu. Simaanishi wale wa Serengeti, namaanisha watoto wa punda na farasi. Wakati wa kushuka, nyumbu nao walipandishwa behewa lao. Inasimuliwa kwamba wakishauzoea mteremko ule, waligoma kabisa kushuka kwa miguu. Basi hao ndio ninaowahesabu kuwa mashabiki wa kwanza.

Watu wakafuata. Wageni walianza kuomba lifti kwenye mabehewa, na kufikia miaka ya 1870 makaa yalikuwa yamepata njia nyingine, reli ile ikabaki kwa ajili ya watalii. Kisha mwaka 1884 LaMarcus Thompson akafungua reli ya aina hiyo hiyo ufukweni Coney Island, kwa senti 5 kila safari. Ilikwenda kilometa 10 tu kwa saa, mwendo wa baiskeli ya mzee, lakini watu walijaa.

Safari za mwanzo zilikuwa za upole kwa sababu behewa likivuka kilele kwa kasi kubwa lingeruka nje ya reli. Aliyelitatua hilo ni John Miller, fundi wa Marekani. Mwaka 1919 alipata hataza ya gurudumu linalokaa chini ya reli. La juu linabeba behewa, la pembeni linaliongoza, na hili la chini linalizuia lisiruke. Kuanzia hapo vilele vikaweza kuwa vikali, na abiria wakaweza kunyanyuliwa vitini bila kurushwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mimi sikucheka. Nguvu ilikuwa ile ile. Tumbo lilipanda vile vile. Nilichokosa ni gurudumu la chini. Mtu anayejua kwamba ameshikwa anaweza kuiita hofu yake raha. Kwenye duara umeshikwa na mikono ya watu wawili waliochoka, na kutoka juu hadi chini kwa kuanguka mita 40 haichukui hata sekunde 3.

Na siyo kwamba dawa haijulikani. Lifti za migodi mikubwa huwekwa meno yanayong'ata nguzo za njia yake kamba ikikatika. Kahama hiyo hiyo yenye mgodi wa Bulyanhulu, unaoshuka chini sana kwa mashine, ndiyo yenye Nyangalata, ambako duara lilibomoka Oktoba 2015. Wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, vyura na mende. Ardhi ni moja, dhahabu ni ile ile. Tofauti ni nani amewekewa kitu cha kumdaka.

Mwaka jana nilimwonyesha mjomba video ya rola kosta kwenye simu. Siku hizi haendi tena duarani, mgongo umekataa. Alitazama mara ya kwanza kimya, akaomba nirudishe.

"Hawa wanalipwa shilingi ngapi?"

"Wanalipa wao, mjomba."

Akanitazama kuona kama namtania. Kisha akauliza, "Kamba yao iko wapi?"

Nikasimamisha video, nikamwonyesha magurudumu, nikamweleza lile la chini linafanya nini. Akalisogeza jicho karibu na kioo, kama alivyokuwa akikagua jiwe.

"Basi hao hawashuki," akasema, akinirudishia simu. "Hao wanabembea."