Ubao Mama: Neno la Cheo au la Ukoo?

Kijana wa Dodoma anayeunga kompyuta ya michezo kwa bajeti ya kati hukumbana na maneno kabla hajakumbana na bei. Kifaa kile kile, bamba linalobeba prosesa, RAM na kadi ya grafiki, fundi wa mjini anakiita mazabodi, mwandishi mmoja anakiita bodi kuu, mwingine bodi mama, wa tatu ubao mama. Wanaisimu wanaweza kubishana hapo mpaka jua lizame, lakini mnunuzi ana hoja yake: istilahi humwambia atarajie nini, na matarajio ndiyo yanayofungua pochi. Kwa kipimo hicho nashikilia ubao mama, na sababu yangu kubwa iko kwenye neno la pili.

Kuu ni neno la cheo. Barabara kuu, katibu mkuu, makao makuu: wakazi wa Dodoma wanajua uzito wake, maana mji wao ulitangazwa makao makuu mwaka 1973, ukasubiri hadi 2016 ndipo Serikali ikaanza kuhamia kwa dhati. Anayesikia bodi kuu ataelewa kwamba hapa ndipo penye nguvu, basi hapa ndipo pa kumwaga fedha. Atakuwa amepotoka. Ubao hauchori hata nukta moja ya mchezo. Kazi hiyo ni ya kadi ya grafiki, ikisaidiana na prosesa. Chukua mbao za soketi ya AM5, iliyoletwa na AMD mwaka 2022. Wenye chipuseti ya X670 una chipu mbili pale ambapo wa B650 una moja, na faida yake ni nafasi zaidi za kuchomeka diski na vifaa vya USB. Prosesa na kadi zile zile zikiwekwa kwenye B650 iliyoundwa vizuri, mchezaji hataona tofauti kwenye skrini. Mama, kwa upande wake, ni neno la uhusiano. Tukisema kampuni mama hatudai kwamba inapata faida kuliko kampuni tanzu. Tunasema tu kwamba hizo nyingine zimefungamana nayo. Kiingereza nacho kilitumia ukoo huo huo, kwa kuwa vibao vidogo vilivyochomekwa juu ya ule mkubwa viliitwa mabinti. Hata huko jina halikuwa moja: IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981, vitabu vyake vya kiufundi viliandika ubao wa mfumo.

Na uhusiano ndio hasa wa kuchunguzwa dukani. Tazama kijiti cha RAM kwa karibu. Cha DDR4 na cha DDR5 vyote vina miguu 288, na kwa jicho la haraka ni mapacha. Lakini ule mkato mdogo kwenye ukingo umesogezwa kidogo tu, na kijiti kikipelekwa kwenye sloti isiyo yake kinagota, anayekilazimisha anavunja. Soketi nayo ina habari yake. Katika AM4 prosesa ndiyo iliyobeba pini, ubao ukiwa na matundu; katika AM5 pini 1,718 zimehamia kwenye ubao, kwa hiyo mkono mzito ulioharibu prosesa jana, leo unaharibu ubao. Halafu kuna umri. AM4 ilianza 2016 na ilikuwa bado inaletewa prosesa mpya mwaka 2024, mradi BIOS isasishwe. LGA 1700 ya Intel ilianza 2021, na kufikia 2024 mrithi wake, LGA 1851, alikuwa sokoni. Mwenye fedha za kati, anayetaka kubadili prosesa baada ya miaka mitatu bila kubomoa kila kitu, swali lake ni ubao huu utampokea nani kesho. Akibakiwa na ziada kidogo, katika nyanda hizi zenye vumbi la kiangazi na kompyuta inayosongwa na joto, alipie vipoza vizuri juu ya saketi zinazoshusha volti 12 za pawasaplai hadi kiasi kidogo kinachofaa prosesa. Taa za rangi zinaweza kungoja.

Neno la kwanza lina kesi fupi zaidi. Bodi tayari limebeba mizigo miwili: ile ya wajumbe, kama Bodi ya Mikopo, na ile ya gari, ambayo asili yake ni neno jingine kabisa la Kiingereza. Fundi gereji akisema bodi imeoza, hakuna anayewafikiria wajumbe (au basi, wachache tu). Kulitwisha mzigo wa tatu ni kulionea. Watasema ubao ni mti. Ubao wa matokeo uwanjani ni taa tupu na hakuna anayelalamika. Wa kompyuta ni nyuzi za kioo na gundi, zikipishana na matabaka ya shaba. Panaponikwaza ni kwenye wingi: mbao mama inanuka karakana ya seremala, na sina dawa yake.

Pingamizi zito ni kwamba mafundi wameshaamua, nao husema mazabodi. Ngamizi lilipendekezwa, kompyuta likashinda. Kweli. Lakini kikokotoo kilikuwa neno la shuleni mpaka mjadala wa mafao ya wastaafu wa 2018 ulipokifikisha kwa kila mtumishi, na kishikwambi kikapata nguvu mwaka 2022, makarani wa sensa walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa nacho mkononi. Maneno hayo yalishinda kwa sababu watu walikuwa na shughuli nayo. Tena mazabodi lenyewe haliko mbali kama linavyodhaniwa. Maza, katika Kiswahili cha vijana, ni mama mzazi. Kijana anayepigiwa simu na maza wake huku akiuliza bei ya mazabodi ameshaitafsiri nusu ya istilahi bila kuombwa. Kilichobaki kwake ni bodi.