Gia ilivyopanda hadi mkononi

Kwenye milima ya barabara ya Omurushaka kwenda Nkwenda, mwenye baiskeli ya ndizi ana gia mbili tu: kukanyaga, na kushuka asukume. Akiinama nyuma ya mikungu mitatu iliyofungwa kwa mpira wa tyubu, humwoni kichwa. Baiskeli za Phoenix na Hero za wilaya ya Karagwe, na za Kyerwa iliyomegwa humo mwaka 2012, hazina cha kubadilisha. Zenye gia huja za mtumba, na nyingi waya umeshakatika.

Asione haya. Hadi 1937 Tour de France iliwakataza mabingwa wake kutumia gia za kuhamisha cheni. Mlima ukianza, walishuka, wakachomoa gurudumu la nyuma na kuligeuza, kwa kuwa upande wa pili lilikuwa na meno mengine. Kisha Campagnolo wa Italia akaleta Cambio Corsa: mpanda baiskeli alipeleka mkono nyuma ya siti, akalegeza gurudumu, akasogeza cheni huku akikanyaga kinyumenyume, na yote hayo baiskeli ikitembea! Gino Bartali alishinda Tour ya 1948 kwa mtambo huo.

Baadaye zikaja nyenzo mbili ndogo kwenye bomba la chini la fremu. Hazikuwa na vituo. Ulisukuma hadi sikio likwambie cheni imekaa. Mwaka 1984 Shimano wa Japani wakatia mlio: kila "ka!" ni gia moja. Mwaka 1990 wakazihamishia nyenzo hizo kwenye mikono ya breki, mkono ukaacha kushuka. Mwaka 2009 waya wa umeme ukachukua nafasi ya kebo. Septemba 2025, ng'ambo ya Mto Kagera, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, vilima vya huko vilipandwa kwa vitufe vya gia.

Mimi kwa vumbi letu ningechagua wenzo wa zamani. Kebo ikivutika kidogo, gia za mlio huanza kurukaruka, cheni haijui ikae wapi. Wenzo usio na vituo unausukuma kidogo zaidi, safari inaendelea.

Kileleni yule wa ndizi anapanda tena. Mteremko ni mrefu, breki zimekwisha, na kandambili ya kulia tayari imekandamiza tairi.